Mtoto Hayumo Kwenye Fomu

Fomu za kuombea msaada wa masomo ya juu, hizi za Dar es Salaam na za Nairobi, zinamjua vizuri baba wa mwombaji. Zinauliza jina lake, kazi yake, anapata kiasi gani, na kama amefariki zinataka cheti cha kifo. Mama naye ana mistari yake. Ndugu wa mwombaji walio shuleni wanahesabiwa pia, maana mfuko wa baba ni mmoja na wanaochota ni wengi. Anayewaziwa humo ni kijana wa miaka 19, katoka sekondari juzi, bado anakula kwa wazazi. Mpe fomu hiyo binti wa Luena, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, mwenye miaka 24, diploma yake ya Serikali, yaani cheti cha kumaliza sekondari, imehifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mtoto wa miaka 4 kamshika kitenge. Atajaza mistari yote, atatia sahihi, na gharama inayomtafuna kuliko zote itakuwa haijaandikwa popote.

Sura hii inamhusu binti huyo na wenzake wanaolea peke yao. Uchache wa fedha haukanushiki, nami sitaupuuza. Ila nashikilia kwamba hata hizo chache zilizopo zimepangwa na watu waliomhesabu mmoja mahali walipo wawili, na kosa hilo la hesabu linaanza zamani, kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa Haut-Lomami, mkoa wa Luena.

Luena iko kwenye reli inayotoka Lubumbashi, ikapita Tenke, ikashuka Bukama kwenye mto Lualaba, kisha ikapanda hadi Kamina, makao makuu ya mkoa. Reli ilifika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1922 ikaundwa Charbonnages de la Luena, kampuni ya kuchimba makaa ya mawe kwa ajili ya mitambo ya Union Minière, ile kampuni kubwa ya shaba ya Wabelgiji. Mji ukakua kwa mtindo wa Katanga yote: mgodi, stesheni, kambi ya wafanyakazi, misheni, soko.

Na kampuni ilihesabu watoto. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliachana na vibarua wa muda, ikawataka wafanyakazi waje na wake zao, wazae, wakae. Posho ilitolewa kwa mfanyakazi, ikaongezwa kwa ajili ya mke, ikaongezwa tena kwa ajili ya watoto walioandikishwa. Kliniki ya wajawazito ilikuwa ya kampuni, shule vilevile. Huruma haikuwemo sana. Kampuni ilikuwa inajilelea wachimbaji wa kesho na ilitaka kujua wako wangapi. Lakini hesabu yote ilipita kwa mwanamume. Mke alikuwa mke wa mwenye kadi, mtoto alikuwa mtoto wa mwenye kadi, na mwanamke asiye na mwenye kadi kwa kawaida hakuwa na haki kambini, wala mwanawe hakuwa na posho. Binti wa mfanyakazi alipelekwa shule, akafundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Kongo ilifikia uhuru mwaka 1960 bila mwanamke hata mmoja mwenye shahada ya chuo kikuu. Wa kwanza, Sophie Kanza, alihitimu sosholojia katika chuo cha Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri.

Serikali ilitaifisha Union Minière mwaka 1967, na jina lililokuja kubaki ni Gécamines. Kwa muda kadi iliendelea kufanya kazi: mshahara, unga, hospitali, ada za watoto. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka, mishahara ikaanza kuchelewa kwa miezi, halafu kwa miaka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, kila mmoja na kiinua mgongo chake cha mara moja. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, tayari alikuwa amelieleza anguko hilo katika kitabu chake cha mwaka 2001 ambacho jina lake linazungumzia watoto wa Shaba waliotelekezwa na baba yao. Baba huyo ni mzazi aliyeishiwa, na pia ni kampuni yenyewe.

Kwa hiyo mabinti ninaowazungumzia ni wajukuu wa posho. Babu alikula kwa kadi, baba akapokea bahasha ya kuagwa au akabaki mkulima, na wao wamekuta kadi haipo tena huku ule mtazamo wa kumtafuta mwanamume kwanza ndipo mtoto ahesabiwe ukiwa bado hai. Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa Kongo wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au wana mimba. Wengi wao masomo yaliishia hapo. Wapo waliorudi darasani, wakafanya mtihani wa Serikali na kupata ile asilimia 50 na zaidi inayofungua mlango wa chuo. Katanga wanaitwa kwa Kifaransa fille-mère, msichana aliye mama, na jina hilo husemwa kama cheo cha chini ambacho mtu hapandishwi.

Zamani Serikali ya Kongo ililipa. Rais Mobutu alipoviunganisha vyuo vikuu vitatu kuwa kimoja mwaka 1971, mwanafunzi wa Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani alipata posho ya masomo, kitanda na chakula cha bwalo. Katika miaka ya 1980, nchi ikiwa imebanwa na madeni, msaada huo ulififia hadi ukafa, na wazazi wakaanza kubeba chuo mgongoni. Hakuna kilichochukua nafasi yake kwa ukubwa ule. Kongo haina bodi ya mikopo kama ile ya Tanzania iliyoanza kazi mwaka 2005 au ya Kenya ya mwaka 1995. Kuna ufadhili wa ubora. Mpango wa Excellentia wa mfuko wa Denise Nyakeru Tshisekedi, mke wa rais, ulianza mwaka 2019 na huwachukua vinara wa mtihani wa Serikali. BEBUC, ulioanzishwa mwaka 2008 na Profesa Gerhard Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, pamoja na mwenzake Mkongo Virima Mudogo, huwasomesha wanafunzi wenye alama za juu hadi shahada ya uzamivu. Ni mipango mizuri, nami sina neno baya juu yake. Lakini alama ya juu kabisa hupatikana kwa kusoma usiku, na usiku wa mwenye mtoto mchanga una mwenyewe. Aliyepata asilimia 58 huku ananyonyesha huenda ana kichwa kuliko aliyepata 80 akiwa bweni, ila kipimo hakina njia ya kuliona hilo. Misaada mingine ya watu binafsi, ile ya mheshimiwa anayelipia wanafunzi kadhaa mwaka wa uchaguzi, siihesabu. Inaisha na kura.

Cha ajabu, msaada mkubwa kuliko wote aliowahi kupata mama mwanafunzi wa Luena haukupewa jina lake. Septemba 2019 Serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi ya bure iliyoandikwa katika Katiba ya 2006. Mwenye mtoto wa darasa la pili aliacha kumlipia ada, na kiasi hicho kikabaki mkononi. Kama kilienda chuoni au kwenye unga, ni juu yake. Fedha ile haikumuuliza ameolewa au la.

Ila sera hiyohiyo ilimkata kwa upande wa pili. Kazi ya kwanza ya mwenye diploma ya Serikali asiye na mtaji ni kufundisha shule ya msingi. Anapangiwa darasa, anashika chaki, lakini mpaka jina lake liingie kwenye orodha ya malipo ya Serikali yeye ni kile wanachokiita nouvelle unité, mwalimu anayefundisha bila mshahara. Zamani alipata kitu kutokana na michango ya wazazi. Mwaka 2019 michango ikapigwa marufuku, orodha ya malipo ikabaki nyuma, na walimu wa aina hiyo nchi nzima wakaendelea kufundisha kwa kusubiri. Hebu mfikirie mmoja wao akiwa Luena. Asubuhi yuko mbele ya watoto wengi kuliko madawati. Mchana yuko stesheni au sokoni. Anataka kwenda Kamina kusoma ualimu wa sekondari au uuguzi, kwa kuwa ameshaona kwamba diploma peke yake inamfanyisha kazi ya bure.

Kamina kuna Chuo Kikuu cha Kamina, UNIKAM, na shule nyingine za elimu ya juu. Kutoka Luena unakwenda kwa reli kupitia Bukama, treni ikiwepo. Treni za abiria za SNCC, shirika la reli la Kongo, ni chache na hazina siku ya uhakika, na barabara za huko wakati wa masika zinajulikana. Watu hupanda mabehewa ya mizigo. Machi 2022 treni ya mizigo iliyotoka Luena kuelekea Tenke ilianguka karibu na kijiji cha Buyofwe, mkoa wa Lualaba, wakafa watu zaidi ya 70, wengi wao abiria waliojipandia kwa kukosa usafiri mwingine. Nalitaja hilo kwa sababu wafadhili hupenda kuandika neno nauli kana kwamba ni tiketi tu. Kwa mwenye mtoto, safari ya kwenda kufanya mtihani ni uamuzi: apande naye behewa la mizigo, au amwache kwa nkambo, bibi yake, na asijue atarudi lini.

Sasa ada. Chuo cha Kongo hakidai mara moja. Kuna ada ya mwaka, inayolipwa kwa mafungu. Kuna fedha ya enrolemani, yaani ya kuandikishwa kwa mtihani, kabla ya kila kipindi cha mitihani, ambayo usipolipa jina lako haliitwi. Kuna sillabusi, vitabu vya somo vinavyouzwa na mwalimu mwenyewe. Kuna mafunzo kazini, kuna kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo, kuna kuichapa, kuijalidi na kuitetea. Aliyesomeshwa na wazazi huyaona hayo kama usumbufu. Anayejilipia huyaona kama milango, na kila mlango una tarehe.

Halafu kuna dola. Ada hukadiriwa kwa dola, au kwa franka kwa bei ya siku hiyo, wakati anayeuza mihogo analipwa franka. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa franka 920 au zaidi kidogo. Katikati ya 2024 ilikuwa inakaribia 2,800. Ada ya dola 100 ambayo haikupanda hata senti ilitoka franka 92,000 kwenda karibu 280,000. Bei ya meka moja, kipimo cha sokoni, ya unga nayo ilipanda, ndiyo, lakini aliyeweka franka zake kwenye kopo tangu Machi ili alipe Oktoba alipunguziwa kila juma bila mtu kumgusa. Mwenye akili anakwenda kwa kambisti, mbadilisha fedha, kila anapopata kidogo, ananunua noti ya dola 5, ya 10, anaangalia isiwe imechanika pembeni maana ikichanika haipokelewi, kisha anaifunga kwenye kitambaa. Hiyo ndiyo akiba ya elimu ya juu ya Luena. Sijaona mpango wa ufadhili unaoanza kwa kuielewa.

Ninaloliona limeelewa zaidi ni likelemba, mchango wa zamu. Tuseme wanawake 10 wanaouza kandokando ya reli: mmoja samaki wakavu kutoka Bukama na maziwa ya Upemba, mwingine mafuta ya mawese, wengine mahindi, mihogo, makaa. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa franka 10,000, na mmoja anachukua 100,000. Zamu kumi, wiki kumi, wanaanza upya. Asiyejua atasema ni mchezo wa kuzungusha hela zao wenyewe, na ni kweli hakuna riba wala faida. Kinachonunuliwa hapo ni tarehe. Mama anayesoma haombi fedha nyingi, anaomba zamu yake iangukie juma la enrolemani. Ataijadili kwa upole na mama mkubwa wa kikundi, atakubali kuchukua zamu ya mwisho duru hii ili apewe ya pili duru ijayo, atabadilishana na mwenzake mwenye kilio au mwenye harusi. Benki ingemtaka dhamana. Humu dhamana yake ni kwamba wenzake wanajua anakaa wapi na anamuuzia nani.

Udhaifu wake nao unajulikana. Zamu inaingia Jumamosi, mtoto anapata homa Jumapili, ni malaria, anahitaji dawa na damu. Laki moja inaishia hospitali. Jumatatu ya enrolemani inapita. Wenzake watampa pole na hata kumkopesha, lakini duru haiwezi kugeuzwa kwa ajili ya mtu mmoja. Likelemba inalipa tarehe zilizo kwenye kalenda, na mtoto haumwi kwa kalenda. Hapo ndipo msaada wa nje ungefaa kuliko popote, na hapo ndipo haupo, kwa sababu homa ya mtoto haitambuliki kama gharama ya chuo.

Kanisa nalo limo. Haut-Lomami ni moja ya ngome za Wamethodisti barani, na akina mama wa Kipendano, kama wanavyoitwa wanawake wa kanisa hilo huko, wana vikundi, michango na sauti. Kanisa hilo lina chuo kikuu chake Mutare, Zimbabwe, Africa University, kilichofunguliwa mwaka 1992, na vijana wa Katanga wamesoma huko kwa ufadhili. Wakatoliki nao wana shule, masista na mikono yao. Tabu haiko kwenye fedha za makanisa, iko kwenye barua. Ufadhili wa kanisa mara nyingi unadai barua ya mchungaji au ya padri kuthibitisha mwenendo mwema, na makanisa mengi humweka chini ya nidhamu aliyezaa nje ya ndoa. Mwanamume aliyehusika, kama hakutajwa, anaendelea kuimba kwaya na barua yake anaipata. Nimesikia viongozi wa dini wakilitetea hilo kwa hoja ya kulinda ndoa. Mtoto akishakuwa na miaka 4, ndoa gani inalindwa kwa kumnyima mama yake cheti cha uuguzi?

Nije kwenye sheria, kwa kuwa Kongo ina sheria ambayo nchi nyingi hazina. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inasema katika kifungu cha 591 kwamba kila mtoto wa nchi lazima awe na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumkana mwanawe, awe wa ndani au wa nje ya ndoa. Sheria haikuishia kwenye maneno makubwa. Ikiwa baba mzazi hakuweza kuthibitishwa, kifungu cha 649 kinaruhusu mahakama, kwa ombi la mama, la mtoto au la mwendesha mashtaka, kumteua baba wa kisheria kutoka ukoo wa mama, au akikosekana huko, mtu mwingine ambaye mama amempendekeza. Mjomba, kwa mfano, anaweza kuwa baba mbele ya sheria na kubeba wajibu wa baba. Marekebisho ya mwaka 2016 yakaondoa lile sharti la zamani la mke kupata ruhusa ya mume katika shughuli zake za kisheria.

Kwenye karatasi, basi, mama anayelea peke yake ana mahali pa kudai sehemu ya gharama za mtoto, na kila franka anayoipata huko ni franka iliyookolewa kwa ajili ya ada. Vijijini na mitaani mambo huishia kwa chifu au kwenye kikao cha familia mbili. Mwanamume anatozwa faini, fedha au mbuzi, na faini inapokelewa na baba wa binti kwa sababu heshima iliyovunjwa ni ya kwake. Binti aliyeacha shule hapati kitu, na mtoto akizaliwa fedha imeshaliwa. Sidhani kama kuna haja ya kuwapiga vita wazee kwa hilo. Lipo la kuwaomba: faini ile iandikwe mbele ya kikao kuwa ni ada ya binti, ishikwe na mtu wa tatu, ilipwe shuleni. Wazee wa Kiluba wanajua sana kutunza ahadi iliyotolewa hadharani.

Kwingineko hesabu hufanywaje? Marekani, mwanafunzi mwenye mtoto anayemtunza kwa zaidi ya nusu ya mahitaji huhesabiwa kuwa mtu anayejitegemea anapoomba msaada wa Serikali. Kipato cha wazazi wake hakiulizwi tena, na mtoto anaingia kwenye ukubwa wa kaya. Tangu mwaka 1998 kuna pia fungu la Serikali kuu linalovipa vyuo fedha za kulelea watoto wa wanafunzi maskini. Uingereza, mwanafunzi wa muda wote mwenye watoto anaweza kulipiwa hadi asilimia 85 ya gharama za malezi. Nchi hizo zina matatizo yao, na singo maza wa huko anaacha chuo pia, ila angalau kwenye karatasi mtoto yumo.

Mfano ulio karibu zaidi na Luena uko Tanzania, na si wa chuo kikuu. Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza kwamba msichana aliyepata mimba asingerudi shule ya Serikali, jambo ambalo lilikuwa likifanyika tangu zamani. Novemba 2021 Serikali ya Rais Samia ikaliondoa katazo hilo. Katikati ya mlango kufungwa na kufunguliwa, kuna vyuo 54 vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa miaka ya 1970 kwa fikra za Uswidi na za Nyerere, ambavyo vimekuja kuwapokea wasichana walioacha shule kupitia programu iitwayo Elimu Haina Mwisho. Humo binti anasoma sekondari, anajifunza ufundi na ujasiriamali, na mtoto wake anakaa kwenye kituo cha kulelea watoto ndani ya chuo hichohicho. Ukiwauliza wanaoendesha mambo kama hayo watakwambia kituo ndicho kinachomshika mwanafunzi. Chumba, mikeka, uji, mlezi mmoja au wawili: ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na ada ya mwaka ya mwanafunzi anayekuja akaacha katikati.

Uganda walipita njia nyingine. Makerere iliwaongezea wanawake alama 1.5 za kuingilia kuanzia mwaka 1990, na baadaye, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, ikafadhili wasichana kutoka familia maskini. Idadi ya wanawake ilipanda sana. Alama zile ziliwaingiza darasani, kuhusu mtoto anayelia nje ya darasa hazikuwa na la kusema.

Nikipewa mfuko wa Luena niuendeshe, na usiwe mkubwa, ningeanza na kanuni kabla ya fedha. Umri usiwe kizuizi, wala miaka iliyopita tangu diploma. Alama ziangaliwe kwa kiwango cha kufaulu, siyo cha kinara. Barua ya mwenendo iondoke, badala yake waulizwe wanawake wenzake wa likelemba kama anatimiza zamu zake. Hao ndio wanaomjua. Akiba ya mfuko ikae kwa dola. Malipo ya chuo yaende moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, kwa tarehe za mafungu na za enrolemani, mama asibebeshwe noti behewani. Iwepo akiba ndogo ya homa, inayotoka siku hiyohiyo bila kikao. Mfumo mpya wa masomo ambao Kongo iliuanza mwaka wa masomo 2021 na 2022, ule wa mafungu ya alama yanayohifadhiwa, utumike kama ulivyoandikwa: aliyefaulu masomo sita akajifungua, akirudi aanze la saba. Vyuo vinavyomrudisha mwanzoni viulizwe kwa nini.

Na malipo yawe mawili kwa kila mwanafunzi. La pili liende kwenye simu ya anayebaki na mtoto Luena, kila mwezi, kwa M-Pesa au Airtel Money, kwa jina lake mwenyewe. Mara nyingi atakuwa nkambo. Najua pingamizi, nimelisikia kutoka kwa watu wenye nia njema: bibi alipwe kwa kulea mjukuu wake? Wanaouliza hivyo hawajaangalia anaacha nini. Nkambo wa Luena ana shamba la mihogo, na shamba liko mbali na nyumba. Mwenye mtoto wa miaka 2 mgongoni halimi nusu ya anacholima mikono mitupu. Msimu mmoja wa kulea ni magunia yaliyopungua, na magunia hayo ndiyo yangemnunulia chumvi, sabuni na dawa. Leo anayatoa bure na hayaandikwi popote kama mchango wa elimu ya juu. Binti anapoitwa arudi kutoka Kamina katikati ya mwaka, watu husema ameshindwa na masomo. Fuatilia vizuri, mara nyingi utakuta kipindi cha kupanda kimefika na mtu mzima pekee aliyebaki nyumbani ametaka jembe lake.